Ilifyatuka, au Ilifyatuliwa?

Kuna sentensi moja ya habari ambayo tumeisikia redioni mpaka imezoeleka masikioni: "Bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya." Ukiitazama vizuri, haina mtu ndani yake. Bunduki imefyatuka kama dirisha linavyofunguka kwa upepo wa kusi. Kiswahili kinaruhusu hivyo. Kamba imekatika, chombo kimevunjika, bunduki imefyatuka. Nani alikata, nani alivunja, nani alifyatua, kitenzi hakisemi.

Nimeanza na sarufi kwa sababu ndani ya neno hilo moja tumefungia mambo matatu yasiyofanana. Lipo la chombo: chuma kimelegea, kimechakaa au kimeanguka, na risasi ikatoka bila kidole kugusa kitu. Lipo la mkono: kidole kilivuta, ila mwenyewe hakukusudia. Na lipo la jicho: mtu alikusudia kabisa kupiga, akapiga, lakini aliyempata siye aliyemdhania. Kila moja lina kinga yake, na mradi tunayaita yote kwa jina moja, hatuwezi kujua lipi lingezuilika na kwa njia gani.

Mjomba wangu, mzaliwa wa Malindi, alikuwa kijana mbeba bunduki wa wawindaji wa kizungu katika nyika za juu ya Mto Sabaki, kule mto unakoitwa Galana. Kazi hiyo ilikoma Mei 1977, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kama aliwahi kuona bunduki ikijifyatua yenyewe. "Mpwa wangu," alinijibu, "bunduki haijifyatui. Niliowaona wakifyatua ni watu." Kwa miaka mingi niliichukua kauli hiyo kuwa ndiyo mwisho wa maneno. Siku hizi naamini mjomba alisema kweli kwa sehemu kubwa, na kwamba ile sehemu ndogo aliyoiacha nayo imeua watu.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: hapa kwetu kuwinda ni kosa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilikazia katazo la 1977, na haimbagui anayetafuta pembe na anayetafuta kitoweo cha paa. Lakini ng'ambo ya mpaka, Tanzania, watu bado huwinda kwa leseni, na vijijini huko gobori la kupakiliwa mdomoni si kitu cha makumbusho. Isitoshe, hatuhitaji kuwa wawindaji ili tukae karibu na bunduki. Tangu mashambulizi ya kigaidi ya Mpeketoni, Lamu, ya mwaka 2014, anayetoka Malindi kwenda Mokowe amezoea basi kusindikizwa na askari baada ya Garsen. Huketi na bunduki saa nzima na zaidi, barabara ikirusha, mdomo wa mtutu ukicheza huku na huku. Kwa hiyo mambo wanayofundishwa wasasi wa nchi nyingine yanatuhusu, hata kama hatutapiga ndege maishani mwetu.

Ili kukielewa chombo chenyewe, njia rahisi ni kukilinganisha na upinde. Waboni wa bara ya Lamu na Waata wa bara ya Malindi walikuwa mabingwa wa upinde tangu kale, na upinde wa Mwata ulisifika kwa ugumu wake, si kila mtu aliweza kuuvuta. Lakini nguvu zote za upinde zimo mkononi mwa msasi. Akichoka, au akiona hapana haja, huurudisha uzi polepole na hatari ikaisha. Hakuna awezaye kuuvuta upinde jioni, akauegemeza ukutani, akalala, akaukuta alfajiri bado umevutika ukingoja.

Bunduki hungoja. Ndani yake mna kamani, au springi kama mafundi wanavyosema, ambayo ukiikoki inasukuma nyundo au pini. Nyundo hiyo imezuiliwa na kijino kidogo cha chuma kilichoingia kwenye pengo. Kidole kikivuta kifyatulio, kijino kinateleza, nyundo inaruka, inapiga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, fataki inawasha baruti. Nguvu ziliwekwa tangu asubuhi. Kidole hakiongezi kitu, kinaondoa kizuizi tu. Ndiyo sababu, nadhani, wazee wetu walitumia kitenzi kimoja kwa bunduki na kwa mtego. Mtego nao hutegwa, huachwa, na hufyatuka. Wapiga mbizi waliozijua bunduki za kupigia samaki, kabla hazijaharamishwa Kenya mwaka 2001, wanalielewa jambo hili kwa mipira: mpira ukishavutwa na mshale ukakaa, chombo kile hakipandishwi mashuani penye watu.

Sasa angalia vipimo. Kifyatulio cha bunduki nyingi za kuwindia huhitaji mvuto wa kilo moja hadi mbili. Ule mfuko wa unga wa kilo mbili unaoununua dukani, ukiuning'iniza kwenye kidole kimoja, umeshapata uzito wake. Mkono wa mtu mzima, ukikaza ghafla, huzalisha nguvu mara nyingi zaidi ya hizo. Hapo ndipo tunapoingia kwenye mkono, na hapo ndipo mjomba wangu alipokuwa na hoja.

Mtaalamu wa misuli wa Marekani, Roger Enoka, aliwahi kueleza hali tatu ambazo mkono hukaza bila mwenyewe kuamuru. Ya kwanza ni kushtuka: kwale karuka miguuni, mwenzio kapiga risasi ghafla, na ngumi zako zikajifunga kabla hujajua ni nini. Ya pili ni kuteleza. Mwili ukipoteza usawa hutafuta cha kushika, na kama mkono umeshika bunduki, basi utaikamata bunduki. Ya tatu ndiyo wengi hawaijui: mikono miwili hufuatana. Mkono wa kushoto ukivuta kitu kwa nguvu, mfano tawi la mwiba au mkono wa mwenzako unayemsaidia kupanda ukingo wa mto, mkono wa kulia nao hukaza kiasi chake. Ikiwa kidole kilikuwa juu ya kifyatulio, kiasi hicho kidogo kinatosha.

Hili naliona kubwa, kwa sababu linatuondoa kwenye lawama za uzembe na kutupeleka kwenye maumbile. Mtu makini, mwenye uzoefu, aliyeamka na dua zake, atakaza ngumi vile vile akiteleza. Umakini haumfai kitu katika nusu sekunde ile. Kinachomfaa ni kidole kuwa mahali pengine tangu mwanzo: kimenyooka ubavuni mwa bunduki, nje ya kile kitanzi cha chuma kinachokizunguka kifyatulio. Kidole kilicho nje kikikaza, kinakaza juu ya chuma kisichofanya kazi.

Na ile kufuli ya usalama? Watu huitegemea mno. Katika bunduki nyingi kufuli huzuia kifyatulio tu, wala haishiki nyundo. Pia ni kitu cha kusukumwa kwa kidole, na kitu cha kusukumwa kwa kidole chaweza kusukumwa na mkoba, kamba au kijiti. Ni nzuri kuwa nayo. Lakini abiria anapomwambia mwenzake ndani ya basi, "Usiogope, imefungwa," mimi huangalia kwanza mdomo wa mtutu umeelekea wapi.

Mahali penye ajali nyingi za mkono si pale msasi anapolenga. Ni pale anapofanya kitu kingine: anavuka ua, anapanda mti, anaingia garini, anampa mwenzake bunduki aishike. Mjomba alinisimulia kisa cha mgeni mmoja aliyeshuka garini, akageuka kuichukua bunduki yake iliyolala kwenye kiti cha nyuma. Aliishika mdomoni akaivuta kuelekea kifuani mwake, kama mtu anavyovuta mwavuli. Kitu fulani kilinasa kwenye kifyatulio, labda ukanda wa darubini. Risasi ilipasua turubai la gari na kwenda zake hewani, kwa kuwa wakati ule ule dereva alikuwa amemkumbusha jambo, akageuza bega. Tangu siku hiyo, mjomba anasema, hakuna bunduki iliyoingia gari lile bila yeye mwenyewe kuifungua na kutia kidole chake chembani, yaani kwenye tundu inamokaa risasi inayongoja kupigwa, kuhakikisha mna hewa tu. Alitumia kidole kwa sababu gizani jicho hudanganywa.

Chemba ndiyo nyumba ya makosa. Bunduki yenye magazini, kile kisanduku cha akiba ya risasi, hubeba risasi mahali pawili: ndani ya magazini, na moja iliyokwisha kupanda chembani. Ukiitoa magazini ukaiweka mezani, umetoa zote isipokuwa hiyo moja inayoweza kuua. Na hata mpangilio wa kutoa una maana. Anza na magazini, kisha ndipo uvute nyuma mtambo, kile chuma kinachopandisha risasi chembani, risasi iliyomo iruke nje, na uangalie kwa macho. Ukigeuza, ukavuta mtambo kwanza halafu ukatoa magazini, mambo hayawi sawa hata kidogo: ya kwanza itaruka nje utaiona ikianguka, utaridhika, lakini mtambo ukirudi umekwisha kuchota nyingine kutoka magazini na kuipandisha chembani. Mkononi una bunduki isiyo na magazini, chini kuna risasi uliyoitoa, na chembani mna risasi. Mtu wa namna hii ndiye anayeapa kwa Mola kwamba bunduki ilikuwa tupu, na anaapa kwa nia safi.

Mmarekani mmoja, Jeff Cooper, afisa wa zamani wa Marine aliyeanzisha chuo cha kufundisha kulenga shabaha huko Arizona mwaka 1976, alikusanya haya yote katika kanuni nne ambazo leo zinafundishwa karibu kila mahali. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi. Mdomo usielekezwe kamwe kwenye kitu usichokuwa radhi kukiangamiza. Kidole kikae nje mpaka macho yameshika shabaha. Na ujue unachokipiga, pamoja na kilicho nyuma yake. Uzuri wake si kwamba kila kanuni inatosha. Uzuri ni kwamba mtu huhitaji kuvunja mbili kwa wakati mmoja ndipo mwenzake aumie. Kidole kikikosea, mdomo ulioelekea mchangani humwokoa. Mdomo ukikosea, kidole kilicho nje humwokoa. Kwa hiyo ukisikia kwamba bunduki "ilifyatuka" na mtu akapigwa, mara nyingi kabisa ujue yalifanyika makosa mawili, na kitenzi kimeyaficha yote mawili.

Jicho nalo ni habari nyingine. Tarehe 11 Februari 2006, Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alikuwa akiwinda kwale kwenye ranchi moja jimboni Texas. Ndege aliruka, Cheney akamfuata kwa mtutu huku akigeuka kuelekea jua lililokuwa likishuka, akafyatua. Katika mstari ule alikuwepo rafiki yake, wakili Harry Whittington, mwenye umri wa miaka 78. Marisau, vile vidonge vidogo vya risasi, yalimwingia usoni, shingoni na kifuani, na siku chache baadaye kimoja kilichokuwa karibu na moyo kikamsababishia mshtuko mdogo wa moyo. Alipona, akaishi mpaka mwaka 2023. Hapa bunduki haikuwa na ila, na kidole kilifanya kilichoamriwa. Bunduki haikufyatuka, ilifyatuliwa, tena kwa makusudi. Kilichokosekana ni Cheney kujua, kabla ya kuinua mtutu, kila mwenzake amesimama wapi, na kukubali kwamba ndege akivuka mstari huo basi amekwenda zake.

Wasasi wanaokwenda pamoja hupeana pande kwa sababu hiyo: huyu apige kutoka hapa hadi kwenye mbuyu ule, yule kutoka mbuyu hadi kule, na mtutu haupiti mpaka wa mwenzio hata mnyama mnono kiasi gani apite. Ni rahisi kusema ukiwa umekaa. Mwili uliokwisha kuanza kumfuata ndege hautaki kusimama njiani.

La jicho lina sura nyingine mbaya zaidi, ya mtu kudhaniwa mnyama. Msasi ameamka saa kumi za usiku, amengoja nguruwe mwitu muda mrefu, na mwanga wa alfajiri bado ni wa kijivu. Kichaka kinatikisika. Katika hali hiyo ubongo hauangalii tena, unakamilisha. Unachukua kivuli na mtikisiko, unavitilia masikio na mgongo, na mtu huapa kwamba aliona nguruwe. Naamini aliona. Dawa waliyoigundua nchi za wawindaji ni ya ajabu kwa wepesi wake: fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa. Paa, swala na jamaa zao wana aina mbili tu za vipokezi vya rangi machoni, hawaitofautishi rangi hiyo na majani makavu, ilhali jicho la binadamu hulivuta kutoka mbali. Msasi anabaki amejificha kwa mnyama na amejitangaza kwa binadamu. Nchini Marekani majimbo mengi yaliifanya kuwa sheria. New York, lililokuwa la kwanza kulazimisha mafunzo kwa wawindaji mnamo mwaka 1949, lilifika kwenye rangi mwaka 2021 tu.

Halafu kuna kilicho nyuma ya shabaha. Risasi haikomi ilipokosa. Ile ndogo kabisa ya .22, ambayo wengi huiona mchezo wa watoto, huweza kufika zaidi ya kilomita 2, na za bunduki kubwa huvuka 3. Wanaoishi penye vilima hupiga mnyama akiwa chini ya mteremko, udongo ukapokea kinachobaki. Bara yetu ya Lamu ni tambarare. Kutoka mji mdogo wa Hindi mpaka kwenye mikoko hakuna kilima cha kuzuia kitu, na maji nayo, risasi ikiyapiga kwa pembe ya chini, huirusha kama mtoto anavyorusha kigae kikaruka juu ya mawimbi. Kwenye nchi ya namna hii ukuta wa pekee ni ardhi yenyewe, kwa mtu aliyekaa juu na kupiga kuelekea chini. Kinyume chake, risasi iliyopigwa usawa wa kifua itakwenda mpaka itakapokutana na kitu, na huku kwetu kitu hicho chaweza kuwa mtu anayevua kaa.

Nimebakiza la chombo, lile ambalo mjomba hakulikubali. Si kwamba halikuwepo enzi zake. Bastola ya Colt ya mwaka 1873, ile ya mazingaombwe ya sinema za kauboi, ilikuwa na nyundo inayolala moja kwa moja juu ya fataki ya risasi. Ikianguka kwa nyundo, inalia. Waliokuwa wakiibeba walijifunza kutia risasi tano katika matundu sita, na tundu tupu likae chini ya nyundo. Gobori nalo lina tabia yake: baruti ikipata unyevu, fataki hulia lakini mtutu ukanyamaza, mtu akadhani imekufa. Akiishusha na kuchungulia mdomoni, moto uliokuwa ukitambaa polepole ndani unafika kwenye baruti kavu. Kwa hiyo bunduki iliyokataa huachwa imeelekezwa kule kule ilikolengwa kwa dakika nzima au zaidi, hata mkono ukiuma.

Hayo mjomba aliyajua, na alisema ni makosa ya watu wasioijua silaha yao. Nikamletea la Remington. Bunduki ya Remington 700, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, ikawa mojawapo ya bunduki za kuwindia zilizonunuliwa sana Marekani. Ndani ya kifyatulio chake mlikuwa na kipande kidogo cha chuma ambacho wakosoaji walidai kwamba uchafu au kutu vikiingia huweza kisirudi mahali pake, kile kijino nilichokieleza kikawa kimeshika ncha tu. Watu walisimulia kuwa wameachia kufuli ya usalama na bunduki ikalia bila kuguswa kifyatulio. Kampuni ilikana kwamba bunduki hizo ni mbovu. Hata hivyo, katika suluhu ya kesi ya pamoja iliyohusu bunduki zipatazo milioni 7.5, ilikubali kuwabadilishia wenyewe vifyatulio. Na mwaka 2014, kabla ya hapo, ilikuwa imeziita zirudi zile zenye kifyatulio kipya kilichotengenezwa tangu 2006, baada ya kukuta gundi iliyozidi ndani yake.

Nikamsimulia na kisa cha mwaka 2000, jimboni Montana. Familia ilikuwa imerudi kutoka kuwinda, na mama akataka kutoa risasi kabla bunduki haijawekwa garini, jambo lile lile mjomba alilokuwa akilisimamia. Ilikuwa Remington 700 ya zamani, ya wakati ambapo mtambo haukuweza kufunguliwa bila kwanza kuachia kufuli. Akaiachia. Alisema kidole chake hakikugusa kitu. Ikalia.

"Umeona?" nikamwambia. "Hii haikufyatuliwa. Hii ilifyatuka."

Mjomba alikaa kimya muda, tasbihi ikipita vidoleni. Kisha akauliza, "Mdomo ulielekea wapi?"

"Kwenye tela la kubebea farasi."

"Na nyuma ya tela?"

"Nyuma ya tela alikuwa mwanawe."

Aliinamisha kichwa. "Innalillahi," alisema, na hakuniuliza tena.